Kiraka na Mfadhili Wake

Jumamosi, 11 Machi

Tumefungwa 3–1. Mvua iliyolazwa na upepo. Nimecheza beki wa kulia dakika ishirini, winga wa kushoto mpaka mapumziko, kisha kiungo, kisha beki tena, safari hii wa kushoto, kwa sababu Osian, nahodha wetu, alibanwa na msuli. Namba nne, mechi moja. Kocha Gwilym alinipiga mgongoni na mkono wake wa kupigia kuta plasta, akasema mimi ni kiraka wa dhahabu, dogo, wewe nakuweka popote. Popote! Mtu anayehitajika mahali fulani haambiwi hivyo.

Lakini si hilo lililoniuma. Ni ukurasa wa kumi na nne wa kijitabu cha mechi. Majina yetu yote yako hapo, na chini ya kila jina, mtu aliyelipia jezi yake msimu huu. Osian: bucha la mjomba wake. Ifan golikipa: kinyozi wa karibu na kanisa, na pia mama yake. Hata Dewi, aliyevunjika mguu Oktoba na hajaonekana uwanjani tangu siku hiyo: mama mkwe wake. Kisha mimi, chini kabisa, karibu na tangazo la mabomba. Macsen Parry, miaka 17. Anacheza popote. Jezi: bado haina mfadhili.

"Bado." Tangu Agosti!

Nyumbani giza. Baba yuko na lori njiani kwenda Uhispania. Karatasi kwenye friji: supu ipo, narudi Alhamisi. Hakuuliza matokeo. Ila nayo karatasi ya friji inaandikwa asubuhi, haiwezi kuuliza jambo ambalo halijatokea. Namtetea kila wiki hivyo hivyo.

Jumapili, 12 Machi

Nimeamua kumwomba mwenye duka la mikate. Hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa Kiwelisi cha huku Wales na kwa Kiingereza. Nikafika kaunta. Akaniuliza, haya kijana, nikupe nini? Nikanunua mikate saba ya zabibu.

Watu hudhani ukisomeshwa kwa lugha mbili unakuwa na maneno mara mbili. Mimi nimepata kuona haya mara mbili.

Jioni, kwenye mkate wa tano: mpango! Majirani wa nyumba namba 9 wako Ureno mpaka Mei, na ufunguo ninao mimi, wa kumwagilia maua yao. Kwa hiyo ninayo anwani. Na Kiwelisi cha insha ninacho, kile kilichonipa alama za juu kuliko darasa zima na hakuna aliyejua, kwa sababu niliificha karatasi. Ninazo pia pesa za siku ya kuzaliwa.

Bwana Hefin Cadwgan, fundi saa mstaafu, namba 9, amezaliwa leo saa moja na nusu usiku. Ana miaka themanini na mmoja. Barua yake kwa klabu nimemwandikia kwa mkono wa kushoto, pesa za jezi ndani ya bahasha. Anasema amekuwa akimtazama kijana Parry kutoka nyuma ya uzio, na kwamba kijana huyo humkumbusha saa ambayo haisemi sana lakini haikosei.

Nimeisoma mara tatu. Huyu mzee ananipenda kweli.

Jumanne, 14 Machi

Barua nimeidondosha mwenyewe kwenye kisanduku cha klabu kabla ya mazoezi. Bi Nerys, anayetengeneza kijitabu cha mechi na kuuza chai kwenye kibanda, aliifungua mbele yetu sote. Kocha hajui kusoma Kiwelisi, ingawa wimbo wa taifa huuimba mpaka mishipa inamtoka, kwa hiyo Bi Nerys alimtafsiria. Alipofika kwenye saa, sauti yake ikabadilika kidogo. Akaikunja barua polepole mno.

Osian akasema, haa, kiraka kapata babu! Ifan akataka kujua kama babu ana binti. Nikawa mwekundu mpaka shingoni. Bi Nerys akawaambia wafunge midomo yao, akanipa chai bila kuniuliza sukari ngapi. Alitia vijiko vitatu. Ndivyo ninavyokunywa. Sijui alijuaje.

Jumamosi, 18 Machi

Ukurasa wa kumi na nne! Macsen Parry. Jezi: Bw. Hefin Cadwgan, fundi saa. Nimechukua vijitabu vitano.

Sare 1–1. Nimecheza winga, beki, na dakika kumi mshambuliaji wa kati, ambapo mpira ulinigonga sikioni na karibu uingie. Watazamaji sitini na wawili, mbwa wawili. Nimeutazama uzio mara nyingi. Ajabu, nilikuwa namtafuta.

Jumatatu, 20 Machi

Nimepata tamaa. Nakiri. Bwana Cadwgan ameandika tena. Anashauri, kwa heshima zote, kijana Parry achezeshwe kiungo wa kati dakika zote tisini, kwa maana hata saa bora haiendi ukiihamisha kila robo saa.

Jumamosi, 25 Machi

Kocha alisema mzee kalipa, mzee asikilizwe. Kiungo wa kati, dakika tisini! Ndoto ya maisha yangu!

Nimegusa mpira mara tisa. Mara nne ulikuwa unakwenda kwa mtu mwingine. Kiungo wao, jitu moja la ndevu, aliniuliza kama nimepotea na anipeleke kwa mama. Tumefungwa 5–0. Kocha alisema huyo babu yako, dogo, ajue saa zake tu, mpira atuachie sisi. Kumbe mtu anaweza kupata mahali pake na pasimfae. Hili sitalifikiria sana.

Jumanne, 28 Machi

Balaa! Jumamosi ni Siku ya Wafadhili. Nilisahau kabisa, kwa sababu mwaka jana nilikuwa ndiye mpiga picha. Kila mfadhili husimama katikati ya uwanja na mchezaji wake, hupigwa picha, kisha hula pai na viazi ukumbini, mchezaji wake akimhudumia. Barua ya mwaliko ilikuwa imelala kwenye mkeka wa mlangoni, namba 9.

Nilimwambia Bi Nerys, nikiangalia viatu vyangu, kwamba nimesikia Bwana Cadwgan miguu inamsumbua. Akasema basi usijali, mwanangu, Osian atakwenda kumchukua na gari la bucha. Osian akasema hata kama ni kumbeba mgongoni, kondoo mzima anambeba, sembuse fundi saa.

Saa nane na nusu, Jumamosi, mlangoni namba 9. Hakuna njia ya kutoka.

Jumatano, 29 Machi

Njia ipo moja. Nimekaa mezani kwa majirani, kati ya maua yao, kalamu mkononi, na sikuweza kuandika mpaka jioni. Alikuwa hajafikisha hata siku ishirini. Hatimaye mkewe, Bi Gwladys, ameiarifu klabu kwamba mume wake alifariki kwa amani Jumatatu, kijitabu cha mechi kikiwa kifuani, na kwamba mazishi yamekwisha, ya watu wachache, na maua hayahitajiki.

Nilifunga pazia za namba 9. Sijui kwa nini. Ilionekana ndiyo adabu.

Alhamisi, 30 Machi

Baba amerudi. Amelala saa kumi na moja mfululizo. Jioni aliuliza mpira unaendaje. Nikasema vizuri. Akasema safi. Nikamwambia mfadhili wangu amefariki. Akasema pole, alikuwa mtu mzima? Nikasema themanini na mmoja. Akasema basi aliishi. Nilimwambia Jumamosi ni mechi ya nyumbani. Akasema atajitahidi, ila kuna mzigo wa kwenda Lyon.

Jumamosi, 1 Aprili

Karatasi kwenye friji: Lyon. Mayai yapo.

Nilidhani watafuta tu jina. Wangefuta jina, kila mtu angesahau, ningekuwa salama. Sikuwajua watu hawa hata kidogo.

Nimeingia chumba cha kuvalia, nimekuta Kocha anakata tepu nyeusi ya fundi umeme kwa meno yake. Kila mchezaji kitambaa cheusi cha tepu mkononi. Wapinzani pia! Refa pia! Kocha mwenyewe alinifunga changu, akasema shikilia, dogo, leo tunamchezea mzee. Na aliomba radhi kwa maneno yale ya saa zake. Alikuwa hajalala vizuri, akasema.

Tulisimama kuzunguka duara la kati. Bi Nerys alishika kipaza sauti, akasema leo tunamkumbuka rafiki wa klabu ambaye hatukubahatika kumwona. Kisha akasoma barua ile ya kwanza, kwa Kiwelisi, yote. Saa ambayo haisemi sana lakini haikosei. Maneno yangu, kutoka kwenye spika mbovu, juu ya paa la kibanda cha chai. Wazee walivua kofia. Mbwa mmoja alibweka na mwenye mbwa akamziba mdomo.

Dakika moja ya kimya.

Nilipanga kuhesabu mpaka sitini. Nilifika kumi na nne nikaanza kulia. Si kulia kwa kuigiza, sijui kuigiza, ni kulia kabisa, mpaka makamasi. Maana alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa akija kunitazama, na alikuwa hayupo, na alikuwa hajawahi kuwepo. Osian aliniwekea mkono begani. Upande wa pili Ifan akaweka wake. Yule mwenye duka la mikate, pale kwenye uzio, alikuwa anajifuta macho kwa aproni.

Ningesema pale pale. Ningefungua mdomo tu. Refa akapiga filimbi.

Dakika ya sabini Ifan aliteguka kidole, golikipa wa akiba hatuna, Kocha akageuka akanitazama mimi. Sasa nimecheza namba zote kumi na moja. Nilifungwa mawili, nikaokoa moja kwa goti bila kuliona. Tumefungwa 2–0 na watu wakapiga makofi kana kwamba tumechukua kombe. Ukumbini waliacha kiti kitupu karibu nami, na pai mbele ya kiti. Pai ya Bwana Cadwgan. Ilipoa polepole. Hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yangu. Naona aibu kuandika hivyo. Lakini hili ni daftari langu.

Jumapili, 2 Aprili

Hakuna aliyepiga simu. Hakuna sababu ya mtu kupiga. Nimemwagilia maua. Nimefungua pazia.

Jumatatu, 3 Aprili

Msimu unakwisha. Mwezi huu orodha ya wafadhili wa mwaka ujao inaanza upya, nami nitarudi chini kabisa, karibu na mabomba. Bado. Bado. Bado.

Lakini mjane yupo! Bi Gwladys, wa namba 9. Ameandika kwamba, kwa kumbukumbu ya marehemu, angependa kuifadhili jezi ya kijana Parry msimu ujao, na ujao tena, maadamu yu hai. Ameandika vizuri sana. Ana hisia kuliko mumewe. Safari hii sikuidondosha mwenyewe, nimeitia stempu na kuituma kama watu wazima.

Jumanne, 4 Aprili

Baada ya mazoezi Bi Nerys aliniita kibandani, nimsaidie kubeba birika. Birika lilikuwa tupu, ningelibeba kwa kidole.

Akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Akasema, mwanangu, nataka nikwambie kitu cha kijinga. Kwamba tangu Agosti alikuwa anangoja mtu aichukue jezi yangu, maana aliona si vizuri mwandishi wa kijitabu ajiandike mwenyewe, watu watasema. Kwamba mwezi Machi alishindwa kuvumilia, akapiga chapa jina lake chini ya langu, Nerys Tudur, kibanda cha chai, na ukurasa ulikuwa tayari mezani. Kisha Jumanne ile ile ikaja barua ya marehemu. Akaona, mzee anayependa hivyo apewe nafasi. Akafuta lake.

Nilikuwa nimeshika birika kwa mikono miwili.

Akasema kila Jumamosi ananitazama kupitia dirisha la kibanda. Anajua soksi yangu ya kushoto huteremka nikichoka, na kwamba naigusa nguzo ya goli kabla ya kuingia, mara mbili. Akasema leo asubuhi alishachukua kalamu ajiandikishe wa kwanza kabisa kwa msimu ujao. Ndipo tarishi akaleta ya mjane. Na mtu gani, akasema, angemnyang'anya mjane kumbukumbu ya mume wake? Akacheka kidogo, akafuta kaunta tena. Akasema basi nimechelewa mara mbili, mimi na miguu yangu hii.

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa matatu tu, kwa lugha yoyote ile. Ni mimi niliyeandika.

Nikamwuliza kama ana mikate ya zabibu.

Akanifungia saba, kila mmoja kwenye karatasi yake. Alikataa pesa.

Jumatano, 5 Aprili

Sikulala vizuri. Nimeamka na mpango! Sijui kwa nini sikuuona jana.

Bi Gwladys atahamia Patagonia, kule Argentina, kwa dada yake, hewa ya huku haimfai kifua. Kabla ya kupanda ndege ataiandikia klabu barua ya mwisho, akijitoa kwa masikitiko, na kupendekeza jezi apewe yule mama mwema wa kibanda cha chai, ambaye marehemu alimsifu sana kwa macho yake makini. Bi Nerys ataisoma mwenyewe kwa sauti, kwa Kiwelisi. Hataweza kukataa. Hakuna wa kuumia, na hakuna wa kujua.

Ningeweza pia kwenda kibandani sasa hivi nikamwambia. Ni dakika tano kwa miguu, na Jumatano huwa yuko peke yake, anapanga vikombe.

Lakini barua nzuri inataka muda, na nimebakiwa na karatasi nne.