Mtu Bado Yuko Kisimani

Kwako Mkuu wa Maktaba, mwanangu,

Basi kama nilivyokuwa nakwambia jana kabla hujanifungia mlango kwa adabu, yule mwanamke bado yuko kisimani. Ukaniuliza, "Mwanamke gani, bibi?" Mkuu mzima wa vitabu! Yule mke mdogo wa mfanyabiashara, kwenye kile kitabu cha jalada la kijani, anachotusomea binti wa meza ya watoto kila Jumatano asubuhi, sisi vikongwe ambao shule tuliiona kwa nje tukipita. Wifi zake wamemteremsha kisimani, kamba inakatika uzi mmoja mmoja, binti akafunika kitabu: "Tutaendelea Jumatano." Jumatano tunakuja, mlangoni karatasi. Mpita njia akatusomea: wafanyakazi wanajifunza mitandao ya kijamii. Tangu hapo kila Jumatano ni karatasi. Hongereni. Elimu haina mwisho, na kisima nacho naona hakina.

Anayeniandikia ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Nimemwambia atie namba, maana watu wa ofisi bila namba hamsikii.

La kwanza. Dirisha lenu lilikuwa wazi na masikio sikuyaziba. Mmezunguka meza, kila mtu na simu yake, vichwa chini kama msibani. Mama wa mapokezi anamwomba urafiki mzee wa kupanga vitabu. Kwa simu! Wawili hao wanakunywa chai ya chupa moja tangu huyu mkwe wangu hajaolewa. Mzee akavaa miwani, akafikiri, akamkubalia. Mungu awadumishie.

La pili. Mkwe kanionyesha picha mliyoitoa huko mtandaoni: benchi letu la dirishani, tupu, limefutwa vumbi. Chini mmeandika, "Karibuni tujumuike." Wenye benchi tuko nje, tunajumuika na kufuli.

La tatu nimelisahau, litakuja lenyewe. Andika la nne.

La nne. Usiniambie tusomewe nyumbani. Mkwe alitujaribia kitabu kingine. Namheshimu, na kalamu anayo yeye, lakini anasoma kama anayehakiki bili ya maji. Mtu akifa humo anasema "akafa," anafunua ukurasa. Andika, mkwe, usiruke.

Haya, la tatu limekuja, na ndilo lililonikalisha hapa. Mwenzetu Mama Cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, kifua kimemlaza. Daktari anasema apumzike, ila kwa namna anavyolitamka hilo neno, wote tumeelewa. Mwenyewe haulizi dawa. Kila nikiingia ananinong'oneza, "Ametoka?" Namjibu, "Bado, shoga, wanajifunza." Juzi kaniambia pepo itamsubiri, kwanza ajue kama kamba imeshika. Ningeweza kumtoa yule mwanamke mimi mwenyewe, uongo ninao wa kutosha. Lakini Mama Cherehani ananijua tangu usichana, angenigundua kabla sijamfikisha juu.

Kwa hiyo, mwanangu, naomba kwa heshima zote: mmoja wenu aache urafiki kidogo akamtoe mtu kisimani. Ikishindikana, niandikie, upige mhuri, kwamba maktaba inabeba roho mbili, moja ya kitabuni na moja ya jirani yangu. Na mazishi ya yule wa kitabuni mtagharimia nyinyi. Kisima ni chenu.

Nisalimie mama wa mapokezi na rafiki yake mpya. Nisalimie mkeo, watoto, na lile kufuli.

Ni mimi, bibi wa benchi la dirishani. Dole gumba langu hilo hapo.

Nyongeza. Mkwe, fungua hiyo bahasha. Mwanangu, subiri. Huku ukutani kwa Mama Cherehani nasikia sauti, na ni ya binti wa meza ya watoto, na yeye mwenyewe sikumwona akiingia. Mkwe anacheka. Kachungulia simu yake, anasema mmetangaza huko mtandaoni: binti kakisoma kitabu akairekodi sauti yake, kaituma kwenye simu ya huyo mgonjwa, wenzetu wengine nao watatumiwa, na ndiyo hayo mliyokuwa mkijifunza. Sasa si mngesema? Karatasi yote ile mlangoni, nafasi ya neno moja ikakosekana! Basi, mkwe, malalamiko yafute yote. La pili liache, benchi ni letu. Na hiyo saa ya wafanyakazi wako ya kujifunza, mwanangu, naiona fupi, waongezee, tena uwape na chai, tena...

Mbona sauti imekatika? Mama Cherehani anagonga ukuta. Ananiita yeye mwenyewe, na koo sijui kalitoa wapi leo:

"Shoga! Nimemsimamisha binti hapo hapo! Njoo tushike kamba!"

Nakuja! Mkwe, weka kalamu. Chukua kigoda, twende.