Malalamiko Kuhusu Kijiko Kimoja cha Chumvi

Kwako Dada Muuguzi unayepima presha chumba namba nne,

Natumaini hujambo na miguu yako imepumzika. Mimi ni mkamwana wa yule mama wa kilemba cha bluu, ambaye miezi mitatu iliyopita ulimwambia presha yake ni mia moja themanini na mbili, na kwamba akiendelea hivyo atatuacha. Tulilia wote kwenye benchi lako. Ukampa vidonge na karatasi ya maelekezo, na mume wangu akamnunulia mashine ya kujipimia nyumbani.

Naandika kulalamika rasmi kuhusu ile karatasi. Imefanya kazi.

Leo mama ana mia moja ishirini na sita. Sisi wengine ndio hatuna hali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumvi. Uliandika isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Hukuandika cha nani. Mama ameelewa ni cha nyumba nzima, na tuko sita. Kopo linalala kabatini mwake chini ya mashuka. Kila asubuhi ananikabidhi kijiko kimoja, amekisawazisha kwa kisu, nami nakipokea kwa mikono miwili kama cheti. Nilipomwambia kwa adabu kwamba hata maharage yana haki zao, akanijibu kama nataka chumvi nilie, machozi yanayo. Baba watoto siku hizi kila tukipakua anakumbuka kwamba lazima akaazime nyundo kwa jirani. Anarudi midomo inang'aa, nyundo hana.

2. Kutembea. Uliandika atembee nusu saa, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Basi mama anajipima kwa kuimba. Akifika kwenye kona yetu anafungua koo. Wimbo ukitoka, anajiona mzembe, anaongeza mwendo. Alianza na fundi cherehani wa mtaani. Sasa ana wanawake tisa nyuma yake, na wote wanajipima. Mwanangu wa miezi mitano, ambaye nimembembeleza saa nzima, anaamka kila wakipita dirishani. Jana nilimkimbilia mama nimpe funguo zake, nikashindwa kumfikia. Mimi nina miaka ishirini na sita. Yeye ana sitini na nne.

3. "Asiudhiwe." Hapa, dada yangu, ndipo ulipotumaliza. Nikiwa na neno la kumwambia, kwanza anakaa: mgongo umeegemea, miguu chini, kimya dakika tano, anajipima. Ndipo naruhusiwa kusema. Nikimaliza, anajipima tena, na tofauti anaiandika kwenye daftari lenye safu ya "Chanzo". Mimi nimo mara kumi na moja. Mwanawe yumo mara moja tu, tena kwa kupiga chafya. Wiki iliyopita niliomba waimbie kona nyingine. Nikampandisha alama sita, na fundi cherehani akaja mwenyewe kunisihi nimwonee mama huruma.

4. La nne nimelisahau. Mtoto alilia katikati.

Kwa hiyo naomba karatasi mpya, yenye muhuri, iseme kwamba kijiko ni cha kila mtu, kwamba kuimba kukome, na kwamba mgonjwa anaweza kupingwa mara mbili kwa wiki, siku za kazi. Ikishindikana, basi umrudishie presha kidogo. Sisemi yote. Alama kumi tu, za kumfanya akae kitini mpaka mtoto amalize usingizi.

Usinielewe vibaya. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua, na siku ile alipoanguka kando ya beseni la nguo sitaki kuiona tena. Nataka aishi miaka mia. Naomba tu aishi taratibu.

Wasalimie wenzako wa chumba cha sindano, mlinzi wa getini aliyenibebea mtoto, na yule daktari asiyecheka.

Ni mimi ninayekula bila ladha,
Mkamwana

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mama akaingia na mashine. Akasema uso wangu haumpendezi tangu juzi, nikae. Mgongo umeegemea, miguu chini, kimya dakika tano. Dada, tangu nijifungue sijawahi kukaa dakika tano. Nilikaribia kusinzia. Mashine ikasema mia moja hamsini na nne. Akarudia mara mbili, haikushuka. Akafungua daftari, akatafuna kalamu, kisha kwenye safu ya Chanzo akaandika: "Sisi." Akamfunga mtoto mgongoni, akamsukuma mwanawe jikoni, akaniambia nikalale. Sasa hivi wanawake tisa wamepita dirishani kwa kunyata, midomo wameifumba.

Karatasi yako usiiguse hata nukta. Chumvi niliyoificha kwenye nepi za mtoto nimeisalimisha. Alhamisi tunakuja wote wawili, kwa miguu. Ukimwona yeye peke yake mlangoni usishtuke. Mimi niko nyuma, nakuja.