Vita vya Wiebke na Tone la Mafuta

Sogeeni, enyi mliopata kushinda na enyi mliozoea kushindwa! Wekeni vikombe chini, msikie habari za Wiebke binti Lüchau, mfunga beringi wa mji wa Celle, jabali la karakana, ambaye tone moja la mafuta lilimdhihaki mara nane, na mara ya tisa likamkimbia.

Wiebke alikuwa ameunda mota ya kuchimba ardhi, nyembamba kama kifundo cha mkono, ya kushuka katika visima vidogo ambamo mota kubwa hukwama. Tumboni mwake beringi ziliogelea katika mafuta safi. Nje yake lilinguruma tope lenye mchanga. Na baina ya majeshi hayo mawili alisimama mlinzi mmoja tu, sili ya mpira, pete nyembamba kama kamba ya kiatu. Mlinzi akianguka, mafuta huvuja, mchanga huingia, beringi husagika, na mota hufa ikikoroma.

Naye alikwisha anguka mara nane.

Ndipo Bwana Ostermeyer, mkuu wa karakana, alipotoa tamko, huku akifuta miwani ili asimtazame usoni. "Bi Lüchau, unajua ninavyokuheshimu. Lakini safari hii iende saa mia bila tone. Ikishindwa, meza ya majaribio naipa mota kubwa, na hii yako inakwenda kabatini."

Miaka mitatu ya jasho, kabatini! Wiebke akasema, "Sawa, bwana."

Sasa jueni desturi ya karakana ile, kongwe kuliko mashine zake: ambaye mota yake imevuja huleta keki, nayo huliwa pale pale kwenye meza ya kufungia mota, wote wamesimama, ili mwenye huzuni asile peke yake. Aliyeitunga alikuwa na moyo mwema. Wiebke alikwisha leta keki nane za siagi, zenye lozi na sukari ya chenga juu, na Hinnerk, fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga vyuma, bingwa wa uma na kisu, mkanda wake ulikuwa umefika tundu la mwisho.

"Dada Wiebke, keki ya tisa iwe ya matunda ya plamu basi!"

"Funga mdomo, Hinnerk."

"Nikifunga nitalaje?"

Shujaa akageukia meza yake. Alizilaza sili nane juu ya kitambaa cheupe, kama mashahidi wa vita, akazikagua moja moja kwa kioo cha kukuzia. Na tazama! Mikwaruzo haikuanzia upande wa tope. Ilianzia upande wa mafuta. Adui alikuwa ndani ya ngome! Katika sili ya nane akakuta chembe ndogo inayong'aa, imejificha mdomoni mwa mpira.

"Mchanga huo," alisema Hinnerk, akichungulia begani.

"Mchanga gani una pembe hivi?"

Hinnerk, ambaye ulimi wake haukupata kuogopa kitu, akaichukua kwa ncha ya kidole, akailamba.

"We! Ina mafuta hiyo!"

"Mafuta yamo," akakiri, akitafakari kama kadhi. "Lakini hii ni sukari, dada. Tena ya keki yako."

Wiebke akahesabu kwa vidole. Mota huvuja, keki huja. Keki huja, chembe huingia. Chembe ikiingia, mota huvuja.

"Na mara ya kwanza?" Wiebke akauliza. "Nilikuwa sijaleta keki yoyote."

Hinnerk akatazama viatu vyake. "Ilikuwa sikukuu yangu ya kuzaliwa. Nilileta mimi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na kila tukimaliza kula, nilikuwa napuliza meza kwa bomba la hewa ya mashine. Nilitaka usihangaike kufuta."

Wiebke akaona jinsi dhoruba ile ya huruma ilivyorusha sukari hadi ndani ya beringi zilizo wazi. Angeweza kunguruma. Akamshika mkono. "Ulikuwa unanisaidia. Sasa nisaidie tena. Kaa mlangoni na ufagio, asipite mwenye chakula."

Jumatatu saa mbili asubuhi mota yenye sili ya tisa ikaanza kuzunguka juu ya karatasi nyeupe. Hinnerk akalinda lango kama simba. Hata Bwana Ostermeyer alinyang'anywa biskuti. Siku zikapita, karatasi kavu. Ijumaa, saa ya tisini na tisa, tone likaanguka!

Wiebke akaligusa kwa kidole. Maji.

"Samahani," akasema Hinnerk, aliyekuwa ameinama kuchungulia mota, akifuta pua. "Nina mafua."

Saa sita mchana ilipogonga, shangwe ikatikisa mabati. Kisha wote wakatazamana kwa majonzi, maana kwa desturi asiyevuja haleti keki.

Hapo Hinnerk akatoa kapu alilolificha kwenye baiskeli yake: keki ya plamu, imeungua upande mmoja, kazi ya mikono yake mwenyewe. Wakaila nje, penye baiskeli, katika manyunyu, mbali na beringi zote za dunia. Na Wiebke akapewa kipande kisichoungua.

Wafalme na wawe na nguzo zao za mawe. Katika daftari la karakana ya Celle, mkuu aliandika maneno matatu, nayo yatosha kwa vizazi: *Saa mia. Kavu.*