Avenyu Feu Delphin

Walikuwepo: Mheshimiwa Delphin, shefu wa kartie, yaani mtaa, na mwenyekiti wa kudumu wa Tume ya Heshima na Kumbukumbu, Mama Kavira, naibu wake, ambaye kwa kanuni iliyotungwa na mwenyekiti mwenyewe hukalia kile kiti kikubwa pale tu mwenyekiti anapofariki, mwalimu Osée, katibu, Muzee Willy, kwa niaba ya wazee, Mama Monique, kwa niaba ya soko. Umeme ulialikwa lakini haukufika.

Shefu Delphin alifungua kikao kwa kutangaza kwamba historia ya Bunia, ambayo hadi asubuhi ile ilikuwa ikijiendea kama mbuzi asiye na kamba, sasa imepata uongozi. Ukiacha ile ya makaburini, ambayo hakuna aliyeitaka, ilibaki avenyu moja tu isiyo na kibao, ile inayopanda kutoka sokoni hadi maternité, hospitali ya kujifungulia. Utawala, alieleza, hauwezi kuvumilia njia inayojulikana na kila mtu bila kujulikana rasmi.

"Ile avenyu iko na jina," alisema Mama Monique. "Tunasemaka 'kwa Mama Vahwere'."

Marehemu Mama Vahwere alikuwa mkunga, na ndiye aliyemzaa Kavira. Hata katika miaka ya vita mlango wake haukufungwa. Aliyeingia peke yake alitoka wawili. Tangu Kavira aingie katika tume alikuwa ameomba jambo moja: jina la mama yake litundikwe pale kabla wale aliowapokea hawajamsahau.

"Hata weye, Shefu," akaongeza Muzee Willy, "ni yeye alikupokea."

"Na tunamushukuru. Lakini kupokea watu na kuongoza watu ni mambo mbili."

Baada ya hapo Shefu alipendekeza avenyu ile ipewe jina la Delphin. Hakuona haya. Unyenyekevu, kwa maoni yake, ni sifa nzuri kwa watu wasio na nyingine.

"Shefu, watu wanangojeaka kwanza..." alianza Mama Monique.

"Kungojea ni kazi ya wavivu."

Alikuwa na sharti moja. Kwa muda mrefu, akiwa juu ya pikipiki, alikuwa amevichunguza vibao vya kartie: Avenyu Feu Eugène, Avenyu Feu Dominique, Avenyu Feu Jean-Pierre. Kila mtu mkubwa alitanguliwa na neno lile, ambalo watu wadogo waliokuwa wakipita chini ya vibao hawakuwa nalo. Feu, kwa Kifaransa, ni moto. Hilo alilijua tangu shule ya msingi, na hakuona haja ya kujua zaidi.

"Kibao yangu iandikwe sawa ya wengine: Avenyu Feu Delphin. Musinipunguzie."

Mwalimu Osée, aliyezoea kusahihisha kwa upole, aliweka kalamu chini.

"Shefu, ile neno Wafaransa wanaiwekaka mbele ya jina ya mutu mwenye alisha..."

"Mwenye alisha kufanya kazi mingi. Najua."

"Hapana, Shefu. Mwenye alisha ku..."

"Mwalimu, hapa si darasani. Feu ni moto. Ao weye unaona mimi niko maji?"

Mama Kavira, ambaye alikuwa ameinamia sakafu, aliinua macho. Sauti yake ikawa laini kama mafuta ya mawese.

"Mwalimu, usimusumbue Shefu. Shefu, tuandike wazi: unakubali weye mwenyewe kama uko feu?"

"Nakubali. Tangu zamani. Ni wivu ya watu tu ilikuwa inazuia."

"Na kama kesho mutu anabisha?"

Mwalimu alipomaliza kuyaandika, Shefu alitoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaupiga chini ya maneno yale hadi meza ikayumba.

"Kitu yenye imesha kupigwa muhuri hairudiake nyuma. Hata mimi mwenyewe nilie."

"Aksanti, Shefu. Wapendwa, tusimame. Dakika moja ya kimya kwa heshima ya Shefu Delphin."

Wote wakasimama. Shefu naye akasimama, mkono kifuani, macho yakimlowa. Hakuwahi kujua kwamba wanampenda kiasi kile. Mama Monique alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Shefu alidhani analia, akamsamehe yote.

Kimya kilipokwisha, aligeuka ili aketi. Kiti kilikuwa na Kavira.

"Mama, ile ni kiti yangu."

"Ilikuwa. Mwalimu, malizia sasa maneno yako."

"Mwenye alisha kufa, Shefu," alisema Osée. "Feu Delphin ni marehemu Delphin."

Shefu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Lakini niko muzima. Munaniona."

"Siye tunakuona," alisema Muzee Willy kwa huruma. "Ni muhuri ndiyo haikuone."

"Basi ninaifuta."

"Marehemu hapigake muhuri," alisema Mama Monique, akausogeza muhuri upande wa Kavira.

Kavira alikohoa kidogo, kisha akawatangazia wengine uamuzi.

"Kwa sababu mwenyekiti wetu ametutoka, kwa kutaka kwake, naibu anashika kiti vile kanuni yake inasema. Avenyu ya maternité itaitwa Avenyu Mama Vahwere. Musiweke feu mbele. Yeye hajakufa mu midomo ya watu. Na marehemu hatutamusahau: Avenyu Feu Delphin itakuwa ile inaenda ku makaburi. Mwalimu, andika tena: ana ruhusa ya kubakia mu kikao, lakini bila kusema."