Kalibu Nyeusi ya Ridwan

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo naanza! Wiki ya tatu sasa mke wangu Akuam yuko kwa mama yake, mtaa wa Chechelesi. Alisema hana ugomvi na mimi, amechoka tu kuishi na mtu wa kuanza bila kumaliza. Atarudi siku nitakapomaliza kitu kimoja. Banda la kuku halina paa, sawa. Choo hakina mlango, sawa. Lakini mtu hupimwa kwa hayo?

Bahati imekuja. Kaka yake, shemeji Lobokat, huwapelekea wavuvi wa Ziwa Turkana nyavu. Anataka vipira mia mbili vya risasi vya kuzamishia nyavu, Ijumaa saa sita. Akuam atakuja naye. Risasi ninayo: vizito vya magurudumu nilivyookota kwa watu wa pancha. Kalibu ya kumiminia nimeinunua kwa Ridwan, fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara. Vipande viwili vya chuma, mashimo manne, mipini kama ya koleo. Nyeusi ti! Ridwan akaniambia nisiisugue, na niipashe moto kabla ya kumimina. Wivu huo. Nimeisugua kwa mchanga mpaka nikaona meno yangu ndani yake, nikaipaka samli isishike kutu.

Jumanne, 10 Juni

Moshi! Jirani aliuliza kama napika mandazi. Vipira thelathini na kimoja, vyote vina makunyanzi. Ridwan akavuka barabara, akatoa salaam, akakishika kimoja, akakirudisha chini polepole kama maiti. Akasema kalibu ni baridi na ina mafuta. Nikamjibu mteja anavitaka hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Mafuta? Basi nimeiosha kwa maji na sabuni, nikamimina papo hapo.

Risasi ikaruka! Suruali imetoboka matundu sita, nyusi moja imeungua. Macho Mungu ameyalinda. Saa kumi kalibu ikawa na kutu. Nimeingia bandani kwa kuku, nikakaa, nikatazama mbingu pale paa lingekuwa. Nilisikia uchungu kweli. Nyumba bila Akuam haina hata kelele.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe amekuja! Mama Nakiru, ghafla, kunikagua. Nikasimama mbali kwa heshima, nyundo mkononi, maana kipira kilikuwa kimekwama na nilikuwa naipiga kalibu kama nyoka. Akaninyang'anya nyundo na kalibu. Akaipangusa kutu kwa kitambaa, akachukua kijinga cha moto kinachofuka, akaifungua kalibu juu ya moshi wake vilevile anavyofukiza kibuyu cha maziwa, mpaka ikawa nyeusi na ya moto. Akaniamuru nimimine.

Kipira kikadondoka chenyewe. Mviringo! Laini! Kilichogoma alikigongea mpini kwa mwiko wa ugali, basi. Kufikia alasiri tulikuwa na mia moja na kumi.

Akiondoka akanitazama usoni. "Ekiru, hii kitu usioshe. Wacha hivyo hivyo." Akasema atamwambia Akuam afungashe nguo. Machozi yalinitoka, sikuficha.

Ijumaa, 13 Juni

Vimebaki tisini tu. Kazi ya asubuhi moja. Lakini kalibu imekaa vibaya jamani! Akuam anarudi nyumbani halafu akute mume ameshika kitu cheusi kama sufuria ya harusi? Nikaisugua kidogo. Samli kidogo, ya kung'arisha tu.

Saa sita walifika. Akuam alikuja na begi lake, lesso ya bluu begani. Akaitundika lesso kwenye kamba, akanusa moshi wa samli. Akauliza kama mama yake alinikataza. Nikakiri alinikataza. Lobokat akachukua vile mia na kumi, akaviacha tisini vyenye makunyanzi, akavuka kwenda kwa Ridwan kutafuta vilivyobaki. Akuam hakufoka. Heri angefoka. Alibeba begi akaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Sijalala. Ila kosa nimelijua: sikuisugua vya kutosha. Mashimo yalibaki na weusi pembeni. Lobokat atahitaji vingine, na safari hii itang'aa mpaka Akuam aione kutoka Chechelesi.

Tena ameisahau lesso yake kambani. Mtu hasahau lesso mahali asipotaka kurudi. Nimeishusha, nimeinusa, nimelia kidogo.

Inasugua chuma vizuri ajabu.