Dalali wa Mababu

Zergaw wa Butajira alikuwa dalali wa vitu vyenye wenyewe na visivyo na wenyewe. Aliuza ng'ombe asiowafuga, akapangisha vyumba asivyovijenga, na aliwahi kumkabidhi mwalimu mmoja funguo za nyumba ambayo ndani yake mwenye nyumba alikuwa anamwoza binti yake. Jela hakuwahi kulala. Akikamatwa alikuwa analia kwanza, kisha anaomba maji, na kabla maji hayajafika askari alikuwa ameshaanza kumuulizia bei ya kiwanja.

Asubuhi moja, majuma machache kabla ya sikukuu ya Msalaba, alikuwa Tiya, nje ya uzio wa mawe ya kale, pale wanapoegesha magari wageni kutoka Addis Ababa. Wageni huja kutazama mawe marefu yaliyochongwa picha za panga, yaliyosimama juu ya makaburi ya watu ambao majina yao hayajulikani tena. Wazee wetu husema ni Gragn, yule mpiganaji wa zamani, aliyeyasimamisha. Wasomi husema sivyo. Zergaw husema lolote mgeni anapenda kusikia, na ndiyo maana bakshishi hupewa yeye.

Siku hiyo, kutoka gari jeupe, alishuka bwana mmoja mnene mwenye viatu vinavyong'aa. Wenzake walikimbilia kupiga picha. Yeye alivua kofia, akalisogelea jiwe moja refu, akaliwekea kiganja kama mtu anayempapasa mgonjwa kujua kama ana homa.

"Una bahati wewe," akaliambia jiwe kwa sauti ya chini. "Jina lako limepotea, lakini angalau tunajua umelala wapi."

Zergaw, aliyekuwa hatua chache nyuma yake, alilisikia neno hilo likidondoka kama embe bivu. Akaliokota.

"Samahani, bwana mkubwa. Wewe ni wa ukoo gani?"

Yule bwana akageuka, uso umemkunjamana. "Wauliza ili iweje?"

"Ni hiyo pua. Nimeiona mahali pua hiyo. Basi, nisamehe, labda nimefananisha." Akaanza kuondoka polepole, kama anavyoondoka mtu anayejua kwamba ataitwa.

"Wewe! Hebu njoo. Umeiona wapi?"

Jina lake lilikuwa Mesafint, na kwa lugha yetu jina hilo maana yake ni wakuu wa nchi. Alikuwa mjenzi wa maghorofa, mwenye mali ya kutosha kununua mtaa. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: kwao. Baba yake aliletwa jijini akiwa mtoto, juu ya punda, katikati ya magunia ya mkaa, na hakuwahi kujua kijiji alichotoka. Ikifika sikukuu ya Msalaba, kila Mgurage, mtu wa kabila letu, anayeishi Addis hurudi kwao kuchinja fahali na kula kitfo, nyama mbichi iliyosagwa kwa siagi, na ndugu zake, jiji likabaki nusu. Mesafint alikuwa anabaki na mlinzi wa geti lake, na mlinzi naye alikuwa anaomba ruhusa.

Haya yote aliyasema mwenyewe, pale pale kwenye uzio, kwa mtu asiyemjua. Tajiri akiwa na kiu ya jambo, hana tofauti na ndama.

"Liko jiwe," Zergaw akasema, akitazama huku na huku. "Haliko kwenye uzio huu. Liko shambani, nyuma ya kilima kile. Lina panga nyingi kuliko haya. Wenye kulitunza wanasema shujaa aliyelala chini yake alikuwa na mwana aliyepotelea upande wa Addis, na wanasubiri uzao wake urudi. Wanasema utajulikana kwa pua."

Mesafint akajishika pua.

"Nipeleke sasa hivi!"

"Ah, bwana mkubwa! Mambo ya wazee hayaendi kwa honi. Niachie nikawaone kwanza. Ila wazee, unawajua, lazima wanywe kahawa."

Bahasha ya kahawa ya wazee ilikuwa nene kiasi kwamba haikuingia mfukoni. Zergaw aliishika kwapani hadi Butajira, akiwa na furaha na uchungu kidogo: furaha ya kupata, na uchungu wa kukumbuka kwamba miaka yote hii alikuwa anauza vitu vinavyokula majani, kumbe mali iko kwenye mababu. Babu hali, haugui, hadai kodi.

Kesho yake akaenda kumtafutia Mesafint babu.

Jiwe kweli lilikuwepo, shambani kwa mjane mmoja aitwaye Wolansa, katikati ya migomba ya ensete, ile isiyozaa ndizi. Lilikuwa limeinama kama mlevi anayetafuta kiatu. Upande mmoja Wolansa alikuwa ameanika shuka, upande wa pili ng'ombe alikuwa anajikuna shingo. Yule mama alikuwa mkongwe mdogo, mwenye shali jeupe na tabia ya kuweka kiganja sikioni kila unaposema naye.

"Mama, hili jiwe la nani?"

"La ng'ombe."

"Nauliza, nani amezikwa hapa?"

"Amechinjwa? Hajachinjwa, huyo hapo anajikuna."

Zergaw akavuta pumzi, akamkalia karibu, akamweleza kwa kupaza sauti mpaka kuku wakaondoka. Jumamosi angekuja na mgeni. Mama aseme chini ya jiwe kuna shujaa. Aseme mwana wa shujaa alipotelea upande wa Addis. Aseme mgeni ana pua ya ukoo. Basi.

"Kusema uongo ni dhambi, mwanangu."

"Si uongo, mama. Hujui nani yuko chini. Mimi sijui. Na yeye hajui. Kwa hiyo yeyote anaweza kuwa."

Wolansa akalirudia neno hilo polepole. Kisha akaomba blanketi, la sufi, lenye maua. Zergaw nusura acheke mbele yake. Alikuwa amejiandaa kutoa gunia la ngano na mbuzi.

Jumamosi Mesafint alifika amevaa mavazi meupe ya kanisani. Kabla hata hajalifikia jiwe, Wolansa alitupa fimbo, akamrukia shingoni kwa kilio ambacho Zergaw hakuwa amemfundisha.

"Umechelewa! Baba yangu alikufa akikungoja! Babu yangu alikufa akikungoja! Hebu nikuone. Jamani, pua hiyo hapo! Na sikio! Hata sikio ni lake!"

Mesafint, mtu ambaye mafundi wake wakimwona walivua kofia kwa hofu, alipiga magoti kwenye samadi akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akalikumbatia jiwe. Ng'ombe akampisha. Zergaw mwenyewe alikaribia kupiga magoti naye, akajikumbusha kwamba yuko kazini.

"Nitachinja hapa," Mesafint alisema alipoweza kusema. "Sikukuu ya Msalaba mwaka huu nachinja kwetu. Mafahali, mahema, kijiji kizima kile. Na babu ajengewe uzio wa chuma. Zergaw, ndugu yangu, wewe ndiye uliyenipa babu, basi na shughuli yote iwe mikononi mwako."

Safari hii fedha zilikuja kwenye mkoba wa ngozi. Zergaw alipanga kila kitu kwa uangalifu wa mtu mwaminifu: asubuhi ya sikukuu basi la kwenda Moyale, mpakani, lingeondoka Butajira, naye angekuwa ndani yake na mkoba mapajani. Mafahali hakununua hata mkia. Shujaa aliyengoja karne zote hizo asingeshindwa kungoja nyama siku moja zaidi.

Kumbe Mesafint naye alipanga. Asubuhi ya sikukuu, Zergaw anafungua mlango mkoba kwapani, gari jeupe liko mlangoni.

"Nilisema siwezi kukuacha uende kwa babu kwa miguu! Panda mbele, ndugu yangu, ukae karibu nami. Na mkoba wa shughuli umeushika mwenyewe! Mtu mwaminifu kweli huyu!"

Hapakuwa na la kufanya ila kupanda.

Shambani kwa Wolansa watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye migomba. Majirani walikuwa wamekaa kwenye majani mabichi, siagi yenye viungo ilikuwa inayeyuka, mikate ya kocho itokanayo na ensete imepangwa, visu vimenolewa. Kilichokosekana ni nyama.

"Mafahali wako wapi?" Mesafint akauliza.

"Wako njiani, bwana mkubwa. Waswagaji wamepumzika kidogo. Hebu nikawaharakishe." Na Zergaw akaanza kurudi nyuma taratibu, kinyumenyume, kwa adabu, kama anayetoka mbele ya askofu. Alikuwa amebakiza migomba michache awe huru.

"Mshikeni huyo!" Wolansa akapaza sauti. Sikio lake siku hiyo halikuhitaji kiganja. "Msimwache aende na haya zake!"

Vijana wawili wakamshika mabega. Yule mama akamwendea, akamtazama usoni, akamzunguka, kisha akapiga vigelegele vilivyoamsha mbwa wa kilima cha pili.

"Jamani, sikilizeni! Shujaa hakuwa na mwana mmoja. Alikuwa na wana wawili! Mkubwa akapotelea Addis, na leo amerudi. Mdogo akabaki huku huku, uzao wake ukatawanyika Butajira. Mimi tangu siku ya kwanza najiuliza, huyu kijana alijuaje njia ya hapa? Tazameni paji hili! Tazameni meno! Mdogo ndiye huyu!"

"Mimi?" Zergaw akasema.

Mesafint akaweka mkono kifuani. "Ndugu yangu! Kumbe ndiyo maana nilikupenda!"

"Hapana, subirini kwanza. Bwana mkubwa, mimi si wa ukoo huu. Kwetu ni mbali. Baba yangu alikuwa fundi cherehani."

Mesafint akamtazama kwa macho yaliyoanza kupoa, yale macho ambayo mafundi wake waliyajua.

"Unamkana babu mbele ya kaburi lake? Haya. Kama wewe si damu yake, ulijuaje kwamba ni yeye aliyelala hapa? Nani alikwambia habari za mwana aliyepotea? Na habari za pua?"

Hapo Zergaw alizitazama njia zote mbili. Kwenye njia moja kulikuwa na babu. Kwenye ya pili kulikuwa na polisi, na Mesafint amekaa nao akinywa chai.

"Damu," akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. "Damu iliniita."

Vigelegele vikapasua anga.

"Na mila," Wolansa akaendelea, "inasema mwana wa mbali akirudi, mwana aliyebaki nyumbani ndiye anayemchinjia. Ndiyo maana huyu amekuja na mkoba wake! Ni haya tu zinamzuia kuufungua. Msaidieni."

Wakamsaidia. Mafahali walipatikana upesi ajabu, kwani majirani walikuwa wamewafunga nyuma ya nyumba ya Wolansa tangu alfajiri, kila fahali kwa bei ya sikukuu, ambayo ni bei isiyojua huruma. Jirani wa kwanza alilipwa, wa pili akalipwa, na chuma cha uzio kikatokea nacho chini ya turubai. Mkoba ulipomrudia Zergaw ulikuwa mwepesi kama gazeti. Wakamwekea kitfo ya kwanza mkononi, iliyojaa siagi mpaka inadondoka. Alisema baadaye kwamba hajawahi kula nyama ghali kama ile, na kwamba ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mesafint alikula, akacheza, akatokwa jasho, akabeba watoto wasio wake. Jioni, kabla hajaondoka, Wolansa alimnong'oneza kwamba mila inataka mjukuu wa karibu abaki kulinda kaburi, mpaka babu azoee kuwa na watu tena. Mesafint alivua koti lake la mvua akamvisha Zergaw kwa mikono yake.

"Mlinde, mdogo wangu. Nikisikia umemwacha peke yake, nitakuja mwenyewe."

Siku hizi ukifika Addis utamsikia Mesafint akisema "kule kwetu" katika kila sentensi. Chama cha watu wa nyumbani kimemchagua mwenyekiti. Hakuna aliyemuuliza maswali, maana mtu mwenye maghorofa haulizwi babu. Huulizwa tu mchango.

Lakini jioni ile, gari jeupe lilipopotea nyuma ya kilima, Zergaw alimgeukia mjane.

"Haya mama, umeshinda. Mimi kesho naenda zangu."

"Nenda, mwanangu. Kaka yako ameniachia namba yake ya simu."

"Lakini na wewe umedanganya!"

"Mimi?" Kiganja kikarudi sikioni. "Mimi kikongwe, sisikii vizuri. Uliniambia nani yuko chini hajulikani, kwa hiyo yeyote anaweza kuwa. Nikaona maneno mazuri, nikakuweka na wewe."

Kisha akaita kuelekea migombani. Wakatoka wanaume wawili wa makamo, mmoja amebeba mzigo wa majani, mwingine jembe begani. Walikuwa na nyuso za watu waliowahi kuvaa tai.

"Huyu dalali alikuja na mjukuu wa shujaa kutoka mji wa Jimma," Wolansa akasema. "Mjukuu wake huja Pasaka. Na huyu alileta mjukuu kutoka Marekani, hafiki mara kwa mara, lakini akifika anatujengea kitu. Wewe umetuletea wa Msalaba. Tulikuwa hatuna wa Msalaba."

Zergaw akaangalia jiwe, akaangalia wale wawili, kisha akaangalia njia ya kurudi Butajira.

Yule wa Jimma alitua mzigo, akamtazama kwa huruma ya mtu wa fani moja, akamkabidhi ndoo.

"Karibu kwenye ukoo, ndugu yangu. Sisi tunalala upande wa ndani, wewe mlangoni. Na aliyefika mwisho ndiye anayekamua ng'ombe. Angalia mguu wa nyuma wa kushoto, anapiga."