Danstan wa Darajani

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Lazima niandike. Mukeshimana amesema!

Asubuhi nilikuwa kwenye benchi lake hapa Lusahunga, chai na chapati kama kawaida. Danstan alikuwa benchi la pili, na mikono yake myeusi ya kuziba pancha. Tumekaa hivyo tangu mwaka jana. Tunamtazama Mukeshimana akigeuza chapati, kisha tunanuniana. Leo kachoka. Akashika kiuno, akatangaza mbele ya madereva wote kwamba anayemtaka aende ng'ambo, Rwanda, akamsalimie bibi yake Kanyange. Huyo bibi ndiye aliyemlea. Jumamosi ukoo unamfanyia sherehe. Bibi akimkubali mtu, mazungumzo ya posa yataanza. Bibi akikataa, tutafute chai kwingine.

Danstan alitikisa kichwa, akamaliza chai, akarudi kwenye matairi. Mtu mzito huyo! Mimi niliruka juu, nikammwagia chai dereva wa lori la saruji. Huo ndio upendo!

Mimi, Maduhu, mtoto wa Mzee Kazimili wa Nemba, muuza tochi, chaja na miwani ya jua, nitaoa!

Tatizo ni moja tu. Danstan ni Mhangaza. Kihangaza na lugha ya kule ni ndugu, atapiga soga na bibi mpaka jua lizame. Mimi nina Kisukuma. Lugha tamu, lakini haitanisaidia kule.

Nilipoondoka Mukeshimana aliniongezea chapati ambayo sikuagiza. Nadhani alikosea.

Jumanne, 10 Juni

Danstan kaenda Ngara mjini kuomba hati ya kusafiria. Kavaa shati la kanisani. Kachukua barua ya mtendaji, picha, kila kitu. Atasimama kwenye foleni na jua lote hili. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mukeshimana aliniuliza kwa nini sikwenda naye, wakati gari lilikuwa na nafasi. Nikamweleza kwamba foleni ni ya watu wasio na mbinu. Sikumwambia habari ya mtendaji wetu. Ana kinyongo na mimi tangu nimuuzie ile tochi iliyowaka mpaka alipofika nyumbani, ikazima moja kwa moja. Mtu mzima kununa kwa sababu ya tochi!

Mukeshimana alinitazama sana, akaguna. Nilimwona ameanza kunihusudu.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu ya kwanza. Utingo!

Dereva Bonaventura, mteja wangu wa miwani, anapeleka mzigo Kigali. Nikamwomba nipande kama utingo wake. Akasema ana utingo tayari, na majina yao yako kwenye karatasi za mpakani. Nikamwambia aniachie mimi, nitalala kwenye kile kitanda nyuma ya kiti chake, nyuma ya pazia. Akasema hataki matatizo, kisha akaenda kunywa supu. Nikapanda.

Safari ilikuwa nzuri ajabu! Benaco tukapita, milima ikapita, nikasikia maporomoko ya Rusumo yananguruma. Tukavuka daraja. Moyo ulinidunda kama ngoma ya harusi. Harusi yangu mwenyewe!

Kisha pazia likafunguliwa. Ofisa wa kule, mpole, viatu vinang'aa. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamjibu kwamba nimelala.

Nilirudishwa kwa miguu. Bonaventura kasema nisimwuzie tena hata betri.

Alhamisi, 12 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Danstan katoka kula mchana, kaacha ovaroli yake imetundikwa kwenye msumari pale kwenye matairi. Upepo ukaisukuma. Kitambulisho chake cha taifa kikachungulia mfukoni. Nikakiazima. Danstan sikumwuliza, alikuwa anakula, na si adabu kumsumbua mtu anapokula.

Sasa sikiliza akili. Nasikia wakazi wa kata za mpakani huvuka kwenda sokoni kwa kibali kidogo cha ujirani, bila mlolongo mrefu. Danstan ni mzaliwa wa Rusumo, imeandikwa. Picha ni nyeusi tu, ina masikio mawili. Na mimi nina masikio mawili. Kesho mimi ni Danstan!

Jioni nilimfuata Eufrazia, muuza ndizi, Mhangaza mwenye wateja wengi ng'ambo. Anifundishe lugha ya kule upesi. Akasema wakikuuliza habari, “Amakuru?”, unajibu nzuri, “Ni meza.” Nilitaka aendelee, lakini nikaona inatosha. Watu hupenda kusalimiana tu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ndefu. Nianzie wapi?

Nilifika mpakani asubuhi, nimepiga mswaki, kifua mbele. Maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chumba kimoja, wetu na wao. Wetu anaitwa Ndassa, jina lipo kifuani. Jina la Kisukuma kabisa hilo. Ningeshtuka hapohapo, lakini nilikuwa na furaha mno.

Yule wa Rwanda akaniuliza, Amakuru? Nikajibu, Ni meza! Akatabasamu. Akauliza tena, Witwa nde? Nikajibu, Ni meza! Akaangalia kitambulisho, akaniangalia mimi. Uva he? Nikamwambia kwa sauti kubwa zaidi, Ni meza! Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba alikuwa ananiuliza jina na ninakotoka.

Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nina mafua, masikio yameziba. Alikuwa ameanza kunihurumia, naapa. Hapo ndipo Ndassa, bila hata kuinua kichwa kwenye kompyuta yake, akasema taratibu:

“Mwangaluka!”

Ningefanya nini? Tangu nianze kutembea, ukinisalimia hivyo asubuhi naitikia. Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Maswa, alikuwa ananinyima uji nisipoitikia. Nikainama, mikono miwili mbele, nikaitikia kwa moyo wote: “Mwangaluka mhola!” Tena nikamwuliza habari za ng'ombe.

Chumba kizima kilicheka. Ndassa akasema hajawahi kumwona Danstan wa Rusumo mwenye Kisukuma safi cha Maswa namna hiyo. Akanirudishia kitambulisho, akasema nikipeleke kwa mwenyewe leo hii kabla hajabadili mawazo, na kwamba siku nyingine nitalala ndani. Askari akanisindikiza mpaka darajani.

Pale darajani nikamkuta bibi mmoja anatembea kuja upande wetu, fimbo mkono mmoja, kapu kubwa mkono mwingine. Macho yana ukungu. Akaniomba nimshike mkono. Kiswahili anacho, alijifunzia huku Ngara miaka ile ya makambi ya wakimbizi. Akaniuliza jina. Askari alikuwa bado nyuma yangu, ametega masikio. Nikasema Danstan.

Bibi akasimama. Danstan yupi? Nikasema wa Lusahunga, fundi pancha. Akacheka kidogo, akanikabidhi kapu lote.

Zito hilo! Kuna mtama, maharage, sijui na mawe. Nikalibeba mpaka juu ya kilima. Nikamnunulia hindi la kuchemsha, nikampukuchulia kwa sababu meno hana. Nikagombana na dereva wa mchomoko, yale magari madogo ya abiria, aliyetaka kumpakia nyuma, watu wanne kwenye kiti cha watu watatu. Nikasema bibi huyu anakaa mbele, peke yake, na dirisha lifunguliwe. Sijui kwa nini. Nilimpenda tu. Nilimkumbuka bibi yangu wa uji.

Tulipokuwa tunasubiri gari lijae tuliongea sana. Anakwenda kumshtukiza mjukuu wake. Nyumbani kwake wanapika na kupamba, yeye katoroka, maana anataka kuwaona wachumba wa huyo mjukuu kabla hawajavaa suti. Nikamwambia amefanya la maana, wachumba siku hizi ni waongo sana.

Akaniuliza na mimi kama nina mchumba. Nikamweleza kila kitu. Ila jina nilishalitoa, basi ilibidi niendelee nalo. Nikasema nina mpinzani anayeitwa Maduhu. Anauza tochi mbovu, hana akili, anaogopa foleni, na mtendaji wao hataki hata kumwona. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Sijawahi kumchekesha mtu namna ile! Akaniwekea mkono kichwani, akasema mwanamke atakayenipata amepata.

Gari likaondoka naye. Mimi nimebaki Rusumo. Sikati tamaa, kesho ndiyo sherehe!

Jumamosi, 14 Juni

Mbinu ya tatu. Kwaya!

Kwaya moja ilikuwa inavuka kwenda kuimba kwenye tamasha. Majoho ya bluu. Joho moja lilikuwa limeanikwa kwenye dirisha la basi. Nikaingia ndani ya joho, nikaingia ndani ya kwaya. Tatizo, wote ni wanawake. Ofisa wa Jumatano, yule wa viatu vinavyong'aa, akaja kuhesabu. Akanifikia. Akaniuliza kama bado nimelala.

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nje ya mpaka, nimevuliwa joho, Danstan akatokea. Suti! Mkononi hati yake ya kusafiria, na mgongo umenyooka. Akanipa pole. Akaingia ndani. Akagongewa muhuri. Akavuka. Hivyohivyo tu, bila mbinu hata moja!

Niliumia. Sitaandika uongo hapa, nililia. Nilimwona Mukeshimana anamgeuzia yule chapati maisha yake yote.

Lakini mchana Danstan huyooo, amerudi, tai mfukoni. Bibi hayupo! Ukoo mzima unamtafuta, mbuzi ameshachinjwa, bibi alivuka mpaka jana asubuhi na kapu lake.

Kapu!

Niliruka kutoka kwenye jiwe. Kisha furaha ikanipanda mpaka nikapiga kelele. Bibi niliyempukuchulia mahindi! Nimeshinda! Danstan aliniuliza nina nini, nikamwambia ni tumbo. Tumepanda gari moja kurudi. Njia nzima alikuwa analalamika kwamba kitambulisho chake kimepotea. Nimempa pole. Kilikuwa kwenye soksi yangu.

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika kifupi. Bado masikio yanawaka.

Tulimkuta bibi Kanyange kwenye benchi la Mukeshimana, anakunywa uji. Danstan akatangulia. Akamwamkia kwa lugha yao, akataja jina. Bibi akasema hapana. Danstan anamjua, alimbebea kapu, na sauti yake si hiyo.

Nikajitosa. Shikamoo bibi! Bibi akaruka, fimbo ikaanguka. Marahaba Danstan mwanangu! Akamwita Mukeshimana aje amwone mwanaume. Akasema huyu hapa, wengine wote tupa.

Mukeshimana akauliza, Danstan?

Bibi akauliza, kama huyu si Danstan, ni nani. Madereva wote wakajibu kwa pamoja, wapumbavu wale. Maduhu! Bibi akauliza, yule wa tochi mbovu? Asiye na akili? Wakajibu, huyohuyo!

Yote niliyasema mimi mwenyewe. Nikainama nikatoa kitambulisho kwenye soksi, nikampa Danstan. Akakifuta kwenye suruali, akakitia mfukoni. Afadhali angenipiga.

Bibi aliinama akaipapasa fimbo yake. Mwisho akasema mkono ule wa darajani ulikuwa mzuri, hatausahau, lakini hawezi kumpa mjukuu wake mtu asiyejua jina lake. Anarudi kwake Jumanne. Mlango hajaufunga. Anayetaka amfuate nyumbani, kwa miguu yake na kwa jina lake.

Mukeshimana alikuwa amecheka pamoja na wengine. Nilipokuwa naondoka akanifuata mpaka kwenye meza yangu ya tochi. Hakuwa anacheka tena. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ile chapati ya nyongeza hakukosea kunipa. Kwamba hati ya kusafiria, jamani, ni hati tu. Angeweza hata kunisindikiza.

Silali. Nawaza. Sasa ni karibu alfajiri, na nimepata!

Jumatatu, 16 Juni

Nipo Biharamulo mjini! Nimekuja na gari la kwanza, nimejaa furaha, watu wananishangaa.

Ni rahisi mno, sijui kwa nini sikuona mapema. Bibi alimpenda Danstan wa darajani. Danstan wa darajani ni mimi. Kasoro ni jina tu. Sasa nipo kwa wakili, nimesimama kwenye foleni tangu asubuhi, nataka kuapa na kubadili jina rasmi. Nikishakuwa Danstan kisheria, basi Ijumaa sikudanganya! Nilitangulia tu. Foleni ni ndefu sana na jua ni kali, lakini hii ni foleni ya mbinu, ni tofauti.

Sahihi mpya nimeshaizoea. Ina D nzuri yenye mkia.

Mukeshimana amenipigia simu sasa hivi. Kumbe yupo Ngara. Kaamka usiku, kamfuata mtendaji wetu akambembeleza mpaka kaandika ile barua, na sasa yupo kwenye foleni ya hati, amenishikia nafasi. Wamebaki watu wachache mbele yake. Akasema nichukue pikipiki, nije mbio. Nikamwambia aiachie tu hiyo nafasi, nina jambo kubwa zaidi la kumfurahisha, atalisikia jioni.

Kisha akauliza taratibu, anaongea na nani.

Nikavuta pumzi. Nikamjibu kwa fahari: “Danstan!”

Simu ikakatika. Mtandao wa huku nao!